Jicho la Upepo

Wifi yangu ana tabia ya kushuka mjini na mizigo ambayo hakuna aliyemwagiza. Mwezi uliopita alitoka mlimani Mbololo akaniletea ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na mahindi manne ya mbegu yakiwa bado na maganda yake, meusi kwa moshi. Aliyaweka juu ya meza ya jikoni akaenda kuoga. Mimi nilibaki nimesimama na kikombe mkononi, harufu ya masizi ikaniingia puani. Nimepita hamsini, nina wajukuu, nimezika watu. Lakini mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moto yakinifikia puani, ninakuwa tena mtoto wa miaka tisa aliyefanya kosa na anasubiri kuulizwa.

Wenzangu wa umri huu mtazikumbuka nyumba za nyanya zetu. Ya nyanya yangu, mama yake baba, ilikuwa ya mviringo, ya fito na udongo, na paa la nyasi lililoshuka chini hata mtu mzima aliinama kuingia. Mlango ulikuwa mmoja. Dirisha halikuwapo. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na juu yake dari ya fito ambako mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa. Moto haukuzimwa kabisa. Moshi ulipanda taratibu, ukayazunguka mahindi, ukatafuta njia kwenye nyasi, na ule uliokosa njia ulitushukia sisi. Baba alikuwa amempa mabati mara mbili na mara mbili nyanya aliyakataa, akisema nyumba ya mabati inapiga kelele kama mlevi.

Baba alifanya kazi ya reli kule Voi, na sisi tuliishi naye na mama katika nyumba za wafanyakazi, karibu na yadi. Macho ya nyanya yalipoanza kupungua nguvu, mimi nilipandishwa mlimani nimwonyeshe njia ya kisimani na kumchagulia mawe kwenye maharagwe. Katikati ya kila jicho lake palikuwa na weupe, kama tone la maziwa. Pembeni yalikuwa mekundu na yakitoa machozi siku nzima. Niliamini kabisa kwamba ule weupe ni moshi ulioingia ndani ya jicho ukakosa pa kutokea. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikaa naye, nikatazama, nikajipa jibu.

Jumapili moja baba alikuja akakaa kwenye kigoda, akapangusa kofia yake muda mrefu kabla ya kusema.

"Mama, twende Voi. Hapa utaanguka siku moja kisimani na hakuna mtu atajua."

"Na shamba?"

"Shamba litalimwa na watu."

"Watu gani? Wewe?"

Baba alicheka bila kupenda. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, mkanda wake niliujua vizuri, lakini mbele ya mama yake alikuwa mpole. Alimtazama akikitafuta kikombe cha chai kwa kupapasa chini, akaacha kucheka.

"Haya," akasema. "Tungoje vuli. Mvua ikinyesha nitakuja. Nikikuta unajiweza, umepanda mwenyewe na nyumba iko sawa, sitasema tena. Nikikuta mambo yameharibika, nakuja na pikapu na hii nyumba tunaifunga."

"Mbegu iko juu," nyanya akamjibu, akielekeza kidole darini bila kukosea. "Wewe leta mvua tu."

Niliogopa sana siku ile. Kule yadi palikuwa na mama mmoja mzee aliyeletwa na mwanawe kutoka milimani. Alikaa mlangoni kutwa nzima akiwauliza wapita njia kama mlima uko upande gani, na watoto, nami nikiwa mmojawao, tulimwonyesha upande usio wa kweli kisha tukakimbia. Nilimwona akilini nyanya amekaa kwenye kizingiti kile. Usingizi ulinipotea. Jambo pekee lililosimama kati yake na kizingiti kile, kwa hesabu zangu, lilikuwa macho.

Sasa nimtaje mwalimu wetu wa Kiingereza katika shule ya kule mlimani. Alikuwa kijana wa bara mwenye koti moja na kamusi nene iliyopoteza jalada. Wenzake walitukaririsha, yeye alichukua neno moja akalifukua mbele yetu. Alisema maneno yana ukoo kama watu, yana babu, yana walioolewa mbali, na mengine yaliokotwa njiani. Siku hiyo kulikuwa na ukungu wa mwezi wa sita, tumekunja mikono ndani ya sweta, na neno lilikuwa window.

"Nani anajua hili neno limetoka wapi?"

"Kwa Wazungu," tukajibu kwa pamoja.

"Wazungu gani?"

Hatukujua kama wako wa aina nyingi.

Akatueleza kwamba Waingereza wenyewe waliliazima. Walikuja watu kutoka kaskazini kwa mashua, kwanza wakapora, baadaye wakakaa, wakalima, wakaoa. Katika lugha yao lilikuwa maneno mawili yaliyofungwa pamoja, upepo na jicho. Jicho la upepo. Waingereza walikuwa na maneno yao ya zamani, mlango wa jicho, tundu la jicho, lakini la wageni likayasukuma pembeni mpaka yakafa. "Hata dirisha letu si la kwetu," akaongeza. "Limetoka Uajemi. Huko maana yake ni kimlango."

Akachora ubaoni nyumba ya nyasi. Tulidhani anachora ya kwetu.

"Hii ni ya Mzungu wa zamani. Moto uko hapa katikati. Ng'ombe wako upande huu. Yeye na watoto wamelala hapa. Moshi umejaa, kila mtu anakohoa, macho mekundu. Mpaka wakatoboa tundu kwenye ukuta, upepo uingie, moshi utoke. Hakuna kioo. Ni tundu tu. Ndiyo wakaliita jicho la upepo."

"Ng'ombe, Mwalimu?"

"Ng'ombe. Na mbuzi."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Macho mekundu ndiyo niliyoyasikia. Kumbe Wazungu waliwahi kuugua ugonjwa wa nyanya yangu, na dawa waliipata, na dawa yenyewe haikununuliwa dukani. Nikainua mkono.

"Na walipotoboa, Mwalimu, macho yalipona?"

Alinitazama. Alikuwa mwalimu asiyependa kukosa jibu.

"Kwani hawaoni?" akasema.

Jumamosi iliyofuata akina mama walikuwa na mkutano kanisani, na jirani alikuja kumshika nyanya mkono. Nilingoja mpaka sauti zao zilipoishia bondeni. Nikachukua panga na kipande cha jembe lililovunjika mpini. Nilichagua ukuta wa nyuma, unaotazama migomba, mahali ambapo mtu akipita njiani haoni. Udongo ule ulikuwa umekaushwa na moto wa miaka mingi, ukawa mgumu kuliko nilivyodhani. Kila pigo lilinishtua. Nilikuwa nikipiga mara tatu, nasimama, nasikiliza, napiga tena. Masizi yalinimwagikia kichwani. Nilipofika kwenye fito nilikata mbili, na nyumba ikatoa mlio mdogo. Nikangoja ianguke. Haikuanguka.

Kisha mwanga ukaingia. Ulikuwa upana wa sinia, si zaidi, lakini niliona vitu ambavyo sikuwahi kuviona ndani ya nyumba ile: chungu chenye ufa, kamba ya ngozi, alama za viganja vya mtu aliyepaka ukuta kabla sijazaliwa. Na moshi, ambao siku zote niliujua kama kitu kinachokaa, ulisimama, ukageuka, ukatoka nje. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikalainisha kingo za tundu kwa udongo mbichi, nikazoa vifusi nikavitupa kwenye migomba, na upande wa nje nikaegemeza majani makavu machache ili mgeni asione. Nyanya sikumhesabu. Nilijua haoni, na nilipanga macho yakipona aligundue mwenyewe, afurahi.

Alirudi, akakaa mahali pake, akanyoosha miguu. Akainua uso.

"Upepo huu unatoka wapi?"

"Mlangoni, Nyanya."

"Mlango uko nyuma yangu."

"Labda paa limechakaa."

"Mh," akasema. Hakuuliza tena.

Baada ya siku chache kikohozi chake kikapungua. Machozi yakakauka. Kila asubuhi nilimwinulia vidole nikimuuliza ni vingapi, naye akajibu vitatu, na mara nyingi akapatia, kwa kuwa mara nyingi niliinua vitatu. Nilijiona daktari. Nilimpelekea mwalimu yai.

Mwezi wa nane nilipokuwa nafagia niliona unga mweupe kando ya mafiga. Nikaufagia. Kesho yake ulikuwepo tena. Nilidhani ni jivu, lakini jivu halina harufu ya mahindi mabichi. Siku ya tatu niliinama nikasikia kitu juu ya kichwa changu, sauti ndogo ya kukwaruza isiyokatika. Nikapanda juu ya kinu nikashusha hindi moja. Lilikuwa jepesi. Nilipolimenya maganda, mbegu zilikuwa na matundu kama za kutobolewa kwa sindano, na ndani mlikuwa na wadudu weusi, wafupi, wakitembea bila haraka yoyote.

Wakati ule watu walikuwa wakizungumzia mdudu mpya aliyevuka mpaka kule Taveta, aliyekula mahindi ya gunia zima kwa msimu mmoja, na wakampa jina la malori makubwa kwa jinsi alivyobeba mzigo. Nilikuwa nimesikia habari hizo kisimani. Sasa nilisimama juu ya kinu na hindi mkononi na mwanga wa tundu langu ukinipiga usoni, nikaelewa kila kitu mara moja. Moshi haukuwa takataka iliyokosa pa kwenda. Ulikuwa na kazi. Ndio uliolinda mbegu, tangu kabla ya nyanya kuzaliwa, na mimi niliufungulia mlango.

Siku hizi nina kamusi yangu, nene kuliko ile ya mwalimu, na nimelitafuta neno lile zaidi ya mara moja. Mwalimu hakutudanganya. Upepo na jicho, watu wa kaskazini, yote yamo. Lakini hakuna kamusi inayosema siku walipotoboa ukuta wa kwanza walitundika wapi mbegu zao, na kama kulikuwa na bibi aliyekasirika. Nina hakika alikuwapo. Mtu alipoteza kitu siku ile, na neno likaendelea na safari bila yeye.

Nilikuwa na nafasi ya kusema mwezi ule wa nane. Nyanya angeweza kuyachambua yaliyobaki, kuyapaka jivu, kuomba kwa watu mapema. Sikusema. Nilirudisha hindi mahali pake, nikachanganya udongo nikaziba tundu jioni ileile, vibaya, udongo ukapasuka na kudondoka baada ya siku mbili. Nikaziba tena. Ukadondoka tena. Nilitia kuni mbichi motoni ili moshi uwe mwingi, nyanya akakohoa usiku kucha, nikaacha. Kila asubuhi niliamka mapema kufagia unga kabla hajaukanyaga. Nilikonda. Nilikuwa nikiomba mvua isinyeshe, katika mwaka ambao mlima mzima ulikuwa ukiiomba.

Ilinyesha mwisho wa mwezi wa kumi, alasiri, mvua nzito yenye harufu ya vumbi. Nyanya alitoka nje akasimama chini yake kichwa wazi. Aliporudi alikuwa mchangamfu kama msichana.

"Panda," akaniambia. "Yashushe yote."

Niliyashusha. Alichukua la kwanza, akalipima kiganjani, na tabasamu likaisha palepale. Akamenya maganda. Akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya mbegu kuzipukuchua, na zikavunjika, unga ukamwagika kwenye kanga yake. Akachukua la pili. La tatu. Alikwenda mpaka la mwisho, moja moja, bila kuruka.

"Nyanya, ni mimi," nikasema. "Nilitoboa ukuta. Mwalimu alisema macho yatapona."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ni kipofu wa ngozi pia?" Akaliweka gunzi la mwisho kwenye ungo. "Siku ileile nilipapasa ukuta nikapata tundu lako. Nikasema kesho nitaziba. Asubuhi nikafungua macho, nikaona weupe pale. Kidogo tu. Nilikuwa sijaona mwanga ndani ya nyumba yangu miaka mingapi. Nikasema kesho. Basi nikawa nasema kesho." Akakung'uta kanga yake. "Nilidhani moshi uliobaki utatosha. Kwa wadudu wetu ungetosha. Huyu simjui."

Nililia nikiwa nimemkumbatia shingo. Yeye hakulia. Alisema tutaomba mbegu kwa jirani, watu huombana mbegu kila mwaka, si mwisho wa dunia. Nilimwamini, moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

Baba alifika kesho yake saa nne, amelowa mpaka magoti. Hakukaa. Aliyaona magunzi yamelala kwenye ungo, akayachambua kwa vidole, akatazama darini, kisha akauona mwanga ukutani. Akaenda akatia mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko. Akaona fito zilizokatwa.

"Mbegu si kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya utulivu ulionitisha. "Mbegu tutaomba hata leo. Mimi nataka kujua nani alitoboa huu ukuta."

Nataka nieleze vizuri jambo hili, maana nimelizunguka maisha yangu yote. Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Kama ni mtoto, mtoto angechapwa mkanda, jirani angetoa mbegu, na nyanya angebaki nyumbani kwake. Kama ni nyanya, basi ni mwanamke mzee asiyeona ambaye anachukua panga na kukata fito za nyumba anamolala. Mtu wa namna hiyo haachwi mlimani. Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa kama ninavyolijua leo. Nyanya alilijua zaidi yangu.

Mkono wa baba ulikuwa umeshaenda kwenye mkanda. Labda alikuwa anaupandisha tu, suruali ilikuwa imelowa. Sijui. Mimi niliuona mkono.

"Ni mimi," nyanya akasema.

"Wewe, Mama?"

"Nilitaka mwanga. Nikatoboa."

"Na panga?"

"Ningetoboa na nini? Kijiko?"

Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza. Nje maji yalikuwa yakidondoka kwenye majani ya migomba, na nyanya alikuwa ameugeuza uso wake upande wangu, si sawasawa nilipokuwa bali karibu. Alinipa muda. Sasa nikiwa mtu mzima naamini alinipa muda. Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo nilikuwa nimeshalisema jana kwa mtu aliyenisamehe.

Niliangalia chini.

Baba akatoa pumzi, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili. "Basi, Mama," akasema, karibu kulia. "Basi. Si umeona mwenyewe? Twende."

"Twende," nyanya akasema.

Pikapu ilikuja Jumatano. Nyanya aliishi nasi kule yadi miaka minne. Kila mgeni alipokuja baba alimsimulia, kwa upendo kabisa, jinsi mama yake alivyotoboa nyumba yake mwenyewe kwa panga, mzee huyu, haoni hata mkono wake, na wageni walicheka wakitikisa kichwa. Nyanya alicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa hapo, namimina chai.